Filta ya oili ya shilingi 5,500 kwa Toyota IST: nitajuaje kama inafaa kabla sijaifunga?

Nyakato_Kwetu:
Wakuu, heshima yenu. Nina IST ya injini 1NZ. Kila siku Nyakato hadi mjini Mwanza, na Jumamosi mbili kwa mwezi navuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kwa wazazi. Siku zote nafunga filta orijino ya 18,000. Juzi nimefika dukani zimeisha, muuzaji akanitolea boksi jekundu nisilolijua: "Bosi, hizi 5,500 tu, watu wanafunga na hakuna aliyerudi." Tamaa ikanishika, nikabeba tatu.

Nyumbani ndiyo nasoma boksi. Limeandikwa linafaa Toyota, Nissan na Honda, zote kwa mpigo. Namba ya spea hakuna, nchi ilikotengenezwa hakuna. Fundi wangu anasema filta ni kopo na karatasi, nisijisumbue. Shemeji anasema nitaua injini. Kuna namna ya kuikagua kwa macho na mikono kabla sijamwaga oili?

dagaa_mkavu:
"Hakuna aliyerudi" maana yake magari yao hayatembei 😂😂

Fundi wa Mabatini:
Mkuu, achana na boksi kwanza. Shika filta yenyewe, twende pamoja.

Chungulia tundu la katikati kwenye mwanga. Meno yake ya kujifungia, kama ya skrubu, yawe safi, yasiwe na vipande vya chuma vilivyobaki kiwandani. Pitisha kidole, kikitoka na unga unaometa, hiyo rudisha hapo hapo, kwa sababu tundu hilo ndilo oili inapotokea kwenda kwenye injini, baada ya kuchujwa. Hakuna kitakachoudaka huo unga tena.

Halafu chukua penseli. Kuzunguka tundu kubwa kuna vitundu vidogo, na nyuma yake kuna mpira. Usukume taratibu. Unatakiwa uwe laini, ubonyee, kisha urudi wenyewe na kuziba vitundu vyote. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini ukizima gari. Ukiwa mgumu kama ndala iliyokaa juani, asubuhi utaisikia injini ikigonga sekunde mbili tatu kabla oili haijafika juu. Wenye silikoni huvumilia joto kuliko ule mweusi wa kawaida, ila usidanganyike na rangi, penseli ndiyo inayosema.

Ringi ya mpira ya nje iwe imekaa kwenye mfereji wake, usawa pande zote, bila mkato. Tikisa filta: isilie kama njuga.

Sasa hilo la Toyota, Nissan na Honda ndilo limenishtua. Filta ndogo ya Toyota kama ya 1NZ, ile yenye namba ya spea 90915-YZZE1, meno yake ni ya robo tatu ya inchi, meno 16 kwa inchi. Nissan na Honda nyingi ndogo ni milimita 20 kwa 1.5. Ukiziweka mezani ni kama mapacha. Ya milimita 20 itaingia kwenye gari lako, itakaza, kumbe meno yameshikana juujuu. Filta moja haiwezi kutosha zote mbili. Jaribu kwa mkono kabla ya kumwaga oili: ikichezacheza kwenye meno, usifunge.

Mzee wa Igoma:
Vijana mnakuza mambo. Probox yangu ina miaka minne kwenye filta za bei ya chini, namwaga oili kila kilomita 3,000, haijawahi kunisumbua.

Fundi wa Mabatini:
Mzee wangu shikamoo. Wewe unaokolewa na hizo 3,000. Karatasi ikijaa uchafu, kuna valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, ili injini isife kiu. Kwa hiyo gari halizimi na taa haiwaki, uchafu unazunguka tu kimyakimya. Anayefunga filta ya 5,500 halafu anaenda kilomita 10,000 ndiye nitakayeonana naye.

Mzee wa Igoma:
Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Mama Kisesa:
Mimi niongeze lililonikuta, halihusiani na bei. Filta ilikuwa orijino kabisa. Fundi alipofungua ya zamani, ringi yake ilibaki imeganda kwenye injini, hakuangalia, akafunga mpya juu yake. Natoka Magu, sijafika Kisesa taa ya oili ikawaka nyekundu. Nikazima palepale. Chini kote oili, chujio jipya linang'aa. Tangu siku hiyo nasimama pembeni hadi nione ile ringi ya zamani imetoka na filta yake.

dagaa_mkavu:
Pole dada. Sasa feki zenye jina la Toyota je? Maana mimi naogopa hizo kuliko hilo boksi jekundu.

Fundi wa Mabatini:
Una haki ya kuogopa. Rahisi na feki ni vitu viwili. Mwenye jina lake dogo anaweza kuwa anajitahidi auze tena kesho. Aliyeazima jina la mwenzake ameshakudanganya kabla hujafungua boksi.

Nyakato_Kwetu:
Mrejesho. Penseli: mpira mgumu, na upande mmoja haukuziba. Meno: nimeijaribu kwa mkono, inaingia vizuri, haichezi, kwa hiyo ni ya Toyota kweli na boksi ndilo linaongopa.

Nimetoa moja sadaka, nimeikata kwa msumeno wa chuma pamoja na ile orijino niliyoivua mara iliyopita. Mikunjo ya karatasi: orijino 54, hii 41. Shida kubwa zaidi ni pale karatasi inapoungana, gundi haijafika mwisho, kucha yangu inapita. Vifuniko vya juu na chini ya mikunjo ni vya karatasi ngumu badala ya bati.

Fundi wa Mabatini:
Vifuniko vya karatasi ngumu peke yake si dhambi, wapo wanaotengeneza hivyo na kazi inakwenda. Hiyo kucha ndiyo kesi. Uchafu utapita mlango huo huo bila kubisha.

Nyakato_Kwetu:
Mbili zilizobaki nimezirudisha. Nilimwekea muuzaji ile iliyokatwa juu ya meza. Akaiangalia, akapitisha kucha na yeye, akaniuliza, "Kwani bosi, nani alikwambia uikate?" Pesa ya mbili amenipa. Orijino ameniahidi Alhamisi. Oili lita 4 iko kwenye buti, inasubiri.

Mama Kisesa:
Injini hiyo inakula lita 3.7, usimwage kopo lote. Na hiyo Alhamisi nenda na penseli.