Mwanangu anatoa bila kuazima, skuli wanamkosoa. Nimfutie programu?

Mama_Wete
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mwanangu yuko darasa la nne, hapa Wete. Kaka yake kamtilia programu ya hesabu kwenye simu, na akirudi madrasa jioni ndiyo anayoikimbilia. Jana kaja na daftari, hesabu ni 503 − 278. Hakuazima hata kidogo. Kachora mstari, kaanzia 278, karuka 2 akafika 280, karuka 20 akafika 300, kisha 203 mpaka 503. Pembeni kaandika 225. Jibu ni lenyewe, lakini limepigwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?" Mtoto kalia mpaka kalala. Mimi nilisomeshwa kuazima tu, sina la kumwambia. Nimfutie, au nimwache?

Dukani_Chake
Waalaykum salaam. Usifute, dada! Hiyo ndiyo hesabu yetu ya kila siku. Mtu akinunua vitu vya 6,350 akanipa noti ya 10,000, sikai nikaazima sifuri kwa sifuri. Namtilia mkononi 50, imefika 6,400. Sarafu ya 500 na ya 100, imefika 7,000. Noti ya 2,000 na ya 1,000, tumemaliza. Chenji 3,650. Mwanao karejesha chenji, basi.

Mwl_Unguja
Dada, pole kwa machozi ya mtoto. Ila mwalimu naye ana haki ya kuziona hatua. Kwenye simu mtoto anaburuta kwa kidole na mashine inamkumbukia; kwenye karatasi lazima aandike mwenyewe: 278 + 2 = 280, 280 + 20 = 300, 300 + 203 = 503, kisha ajumlishe 2, 20 na 203. Na kuazima asikuache. Kuruka kunapendeza kwenye 1,002 − 997, lakini mpe 84,615 − 39,748 uone atakavyopotea njiani. Mtazame hasa kwenye ile sifuri ya 503. Makumi hayana cha kuazimisha, inabidi aende kwenye mamia kwanza, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Nenda ukazungumze na mwalimu wake, nenda na daftari.

Fundi_Simu_Mkoani
Kama bando linakusumbua, tafuta Kolibri, ni programu ya masomo. Ukishaishusha na masomo yake inafanya kazi bila intaneti. Na programu za hesabu kwa Kiswahili si ngeni: zilijaribiwa hapo ng'ambo tu, vijiji vya Tanga, kwa miezi 15 na watoto karibu 2,700. Lilikuwa shindano, Global Learning XPRIZE, na zilizoshinda mwaka 2019 zilikuwa mbili, onebillion na Kitkit School.

Mama_Wete
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Leo asubuhi nimekwenda. Mwalimu kamwita ubaoni, kampa chaki, kamwambia aandike njia zote mbili. Ya kuruka kaiandika mbio. Ya kuazima kakwama pale pale kwenye sifuri, Mwl_Unguja, kama uliyekuwepo! Mwalimu kasema njia ya kuruka ataipokea, hatua zikionekana. Usiku huu tumemwaga njiti za kiberiti kwenye mkeka, tunafunga kumi kumi kwa mpira. Mafungu kumi tunayatia kwenye kikopo, ndiyo mia moja. Kila akitaka kuazima anakifungua kikopo kwa mkono wake.