Mdogo wangu anakwenda kupika Bologna: euro 1,500 zitamtosha?

Makorora_Juu:
Wakuu, salaam. Mdogo wangu ni mpishi wa hoteli hapa Tanga. Mgahawa mmoja wa Bologna, Italia, umemwombea kibali cha kazi, ile nulla osta, na kimetoka. Mkataba unasema euro 1,500 kwa mwezi, saa 40 kwa wiki. Dalali anataka milioni tatu "za kusukuma viza", na chumba anasema kitatafutwa akishafika. Wazee wameshazidisha kwa shilingi, wanataja kiwanja Pongwe. Mkononi kinabaki kiasi gani, na akishuka aanze na lipi?

Kisosora:
Dalali asipewe hata senti. Nulla osta huombwa na mwajiri, viza huombwa na mdogo wako mwenyewe kwa ubalozi wa Italia, Dar, na ada ya viza ya kazi ni euro 116. Hakuna cha kusukuma hapo, ila awahi, maana nulla osta ina uhai wa miezi 6.

Sasa hiyo 1,500. Kama imeandikwa *lordo*, haijakatwa kitu. INPS, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, unachukua kama asilimia 9, halafu kodi ya mapato inaanzia asilimia 23, ingawa mwajiriwa wa kipato hicho hupewa nafuu. Zitabaki 1,250 hivi. Mikataba ya migahawa na hoteli kwa kawaida ina mishahara 14 kwa mwaka, lakini wapo waajiri wanaoumega wa 13 na wa 14 na kuuchanganya kwenye mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo hiyo 1,500 huenda imeshaimeza yote. Aulize kabla hajasaini. Aulize pia mkataba uko chini ya CCNL ipi (mkataba wa pamoja wa sekta, wa nchi nzima) na daraja la ngapi, kwa sababu Italia haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria kwa nchi nzima. Kiwango kinatoka kwenye mkataba wa sekta.

Bi_Raskazone:
Kwangu mimi mshahara si tatizo kubwa. Tatizo ni hilo la chumba. Mwajiri anapoomba nulla osta hutakiwa kuonyesha mfanyakazi atalala wapi, kwa hiyo anuani tayari imeandikwa mahali. Muulizeni ni nyumba gani. Akibabaika, shtukeni.

Bologna ni mji wa wanafunzi. Chumba cha peke yako chini ya euro 400 ni cha kubahatisha, wengi wanalipa 500 na kuendelea, na mwenye nyumba anaweza kudai dhamana ya hadi miezi 3. Atakayekuja na bei poa mara nyingi hataki kuusajili mkataba kwenye ofisi ya kodi (hutakiwa ndani ya siku 30). Huku kwetu unampa mwenye nyumba chake mnamalizana. Kule, bila mkataba uliosajiliwa au barua ya mwenye nyumba, manispaa haikuandikishi kuwa mkazi, na bila ukazi hupati kitambulisho, na hata daktari wa kudumu unaanza kusumbuka kumpata. Manispaa hutuma askari wake kuja kuhakikisha kweli unaishi hapo, basi jina la mdogo wako liwe kwenye kengele ya mlangoni.

Na asikimbilie vijiji vya mbali kwa ajili ya kodi ndogo. Zamu za jikoni hukatwa vipande viwili, mchana na usiku. Akitoka karibu saa sita usiku treni zimeshakwisha.

Kisosora:
Nyongeza ya makaratasi. Mara tu akiingia, yeye na mwajiri wasaini mkataba wa ukazi kupitia Sportello Unico, ofisi ya serikali ya wahamiaji. Hapo anapata fomu, anazipeleka posta kuomba permesso di soggiorno, yaani kibali cha kuishi: stempu ya euro 16, kadi 30.46, posta 30, na mchango wa 40 au 50 kutegemea muda wa kibali. Stakabadhi ya posta asiitupe wala kuikunja, ndiyo inayomruhusu kufanya kazi akisubiri kadi. Akiwa na stakabadhi tu na ikatokea msiba nyumbani, asikate tiketi ya kubadilishia ndege Amsterdam au Frankfurt, maana stakabadhi haimpitishi nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja. Apitie Addis au Doha.

Majina yake matatu yakaguliwe sasa hivi. Codice fiscale, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, inatengenezwa kutokana na jina la ukoo, jina lake, tarehe na mahali alikozaliwa. Nulla osta ikigeuza jina la babu kuwa la kwanza, namba inatoka tofauti na pasipoti, na benki itamrudisha.

Makorora_Juu:
Asanteni sana. Leseni ya udereva ya hapa je? Na mgahawa ukimwachisha?

Bi_Raskazone:
Leseni itamsaidia mwaka mmoja tangu aandikishwe ukazi, ikiwa na tafsiri rasmi. Haibadilishwi kuwa ya kwao. Baada ya hapo ni mtihani: maswali 30 ya kweli au si kweli, dakika 20, makosa 3 mwisho, na ni kwa Kiitaliano. Aanze lugha akiwa Tanga.

Akiachishwa, kibali hakifi siku hiyo. Ajiandikishe haraka kituo cha ajira, sheria inampa angalau mwaka wa kutafuta kazi nyingine.

Kisosora:
Akipanga, aulize pia umeme. Mita za majumbani nyingi ni za kilowati 3. Washa oveni na mashine ya kufulia pamoja, nyumba nzima inazimika.