Viti vya ukaguzi bungeni vimejaa watu wetu na giza bado ni letu. Waheshimiwa, mnakagua nini?

Kabla mtu hajaja hapa kuniambia eti sisi wa Magharibi, Nyanza na Nakuru tumetengwa na Nairobi, naomba tuhesabu viti.

Spika wa Bunge la Kitaifa ni Moses Wetang'ula wa Bungoma. Kamati zilipopangwa upya mwaka 2025, Afya ilienda kwa Daktari James Nyikal wa Seme, hapo tu ukitoka Kisumu mjini, na Bajeti ikaenda kwa Samuel Atandi wa Alego Usonga. Kawi iko kwa David Gikaria, Nakuru Mjini Mashariki. Hesabu za Umma, ile PAC tunayoiona kwenye runinga ikiwatoa makatibu jasho, ni Tindi Mwale wa Butere. Kuna kamati ya uwekezaji inayofuatilia mashirika ya kilimo na huduma za jamii, ya Emmanuel Wangwe wa Navakholo, na nyingine ya utawala na elimu, ya Jack Wamboka wa Bumula. Kule Seneti, hesabu za kaunti ziko kwa Moses Kajwang' wa Homa Bay. Na ile kamati ambayo watu wengi hata hawajui ipo, Kamati ya Utekelezaji, imeongozwa na Raphael Wanjala wa Budalang'i. Hiyo shikeni akilini, nitairudia.

Sijamaliza. Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, alikuwa mbunge wa Ugunja na aliwahi kuongoza PAC. Waziri wa Fedha, John Mbadi, naye alikuwa akiongoza PAC hadi alipoitwa serikalini Agosti 2024. Yaani wawili waliokuwa wakiuliza pesa zimeenda wapi, sasa ndio wa kuulizwa. Sidhani kuna sehemu nyingine ya Kenya yenye tochi nyingi hivi mkononi.

Haya, niambieni mbona hatuoni.

Mimi nina kinu cha posho hapa Luanda, Vihiga. Watu huja kusaga jioni wakitoka shambani na sokoni, gorogoro mbili, gorogoro tatu, ya kupika usiku huo huo. Na hiyo ndiyo saa stima inapotea. Si kila siku, lakini imetosha kufanya wateja wanipigie simu kwanza kabla ya kubeba mahindi. Mama wa samaki upande wa pili wa barabara ameshauza mbuta kwa bei ya hasara kwa sababu friza ilikuwa inavuja maji. Kinyozi ndiyo hata sisemi, mtu ametolewa kitini nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Na si uvumi wa stendi ya bodaboda. Serikali yenyewe imekiri kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku kuna sehemu zinazimwa ili mfumo usianguke, na upande wa Magharibi ukatajwa. Sababu wanayotoa mimi naielewa. Mvuke wa Olkaria, karibu megawati 800, unachimbwa Kaunti ya Nakuru, kisha umeme unasafiri kupitia Lessos kuja Kisumu na kwingine huku. Sisi tuko mwisho wa waya. Jioni nchi nzima ikiwasha taa, na matumizi sasa yameshapita megawati 2,300, laini inalemewa na wa mwisho ndiye anayekatwa. Tuna Sondu Miriu yenye megawati 60 na Sang'oro chini yake, lakini hizo zinategemea mto. Muhoroni kuna mtambo wa kuchoma mafuta unaowashwa kushikilia nguvu ya stima. Mafuta hayo tunayalipia. Ukinunua tokeni usiangalie tu idadi ya yuniti, soma ule ujumbe wote, utakuta gharama ya mafuta imekaa pale kama mpangaji asiyelipa kodi.

Sasa Bunge liliingiaje hapa? Mwaka 2018 serikali ilisimamisha mikataba mipya ya kununua umeme kutoka kwa kampuni za kuzalisha. Sababu ilikuwa nzuri. Mikataba ya zamani ilitubana: mtambo uko tayari, umeme wake usipochukuliwa, bado unalipwa. Mwaka 2021 Uhuru akaunda jopo la John Ngumi, likasema yuniti inaweza kushuka kutoka wastani wa shilingi 24 hadi 16. Nusu ya kwanza, asilimia 15, tuliiona Januari 2022. Nusu ya pili hadi leo tunaisubiri, na Aprili 2023 bei ikapanda badala ya kushuka. Bunge nalo likalikumbatia lile zuio, likachunguza, likaita mashahidi, likachunguza tena. Limekuja kuliondoa mwaka 2025.

Karibu miaka saba! Na katika miaka hiyo mikataba ile mibaya iliendelea kulipwa vilevile, huku mitambo mipya ikisubiri na laini ikizidi kulemewa. Kwa hiyo ukaguzi ulifanikiwa kuzuia kitu kimoja tu, nacho ni umeme mpya. Kusimamisha jambo ni rahisi, hakuna mbunge anayepoteza kura kwa kusema "tusitishe kwanza tuchunguze". Kazi ilikuwa kuamua: mkataba huu urekebishwe hivi, huu uvunjwe, huu uendelee, na laini ya Magharibi ijengwe kabla ya tarehe fulani. Hapo ndipo kamati huishiwa na muda.

Mheshimiwa Gikaria, mvuke unatoka kaunti yako. Wewe hata huna kisingizio cha umbali.

Tuje kwa mbolea, maana hii bado inaniuma kuliko stima. Machi na Aprili 2024, wakati wa kupanda, mkulima anaenda ghala la NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, na shilingi 2,500 zake, anapewa mfuko wenye nembo na kila kitu, ndani ni takataka. Huku kwetu msimu mmoja ukiharibika hakuna cha "tutajaribu wiki ijayo". Mahindi yaliyopandwa bila chakula yanabaki manjano hadi Julai na wewe unayatazama.

Mtu wetu Wamboka akaleta hoja ya kumbandua Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Nilimpigia makofi kwa dhati. Tarehe 2 Mei wabunge 149 wakaunga mkono. Ikaundwa kamati ya watu 11, na tarehe 13 Mei saba kati yao wakasema mashtaka hayajathibitishwa, wanne wakakataa. Basi. Mambo yakaishia hapo. Linturi alitoka Julai pale rais alipofuta karibu baraza zima, na kilichomsukuma rais ni vijana barabarani, si kamati yoyote.

Lakini hebu angalieni swali ambalo kamati ile ilipewa. Je, waziri ana hatia? Haikupewa kazi ya kuuliza: mkulima wa Bumula aliyemwaga ile takataka shambani atafidiwa na nani, lini, kwa orodha ipi? Mfumo wa kielektroniki wa mbolea una namba ya simu ya kila aliyenunua. Orodha ipo! Haikuhitaji tume.

Sukari nitaipitisha haraka kwa sababu kila mtu hapa anaijua na tutaanza kulia. Bunge lilikubali madeni ya viwanda vya serikali, zaidi ya shilingi bilioni 100, yafutwe. Mei 2025 Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vikakodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Huenda ni sawa, kwa jinsi vilivyokuwa vimekufa pengine hakukuwa na njia nyingine. Ila deni la bilioni 100 na zaidi halijitengenezi. Lina sahihi za watu. Wangwe, wewe ndiye uliyeleta Mswada wa Sukari ambao ulikuja kuwa sheria Novemba 2024, na kwa hilo una heshima yako. Sheria hiyo imerudisha tozo ya asilimia 4 kuanzia Julai 2025, na sehemu yake inafaa kurudi kwa miwa na barabara za miwa. Kamati yako ndiyo ya kutuonyesha inavyorudi, tozo yote, robo kwa robo. Tusingoje hadi viwanda vife tena ndipo tuitwe kwenye hoteli Kakamega kutoa maoni na kupewa soda.

Afya. Bima ya zamani, NHIF, ilifungwa, na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira anapimwa uwezo kwa maswali ya simu, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Shilingi 3,600 mara moja! Aliyetunga hiyo hajawahi kuona mama anayeuza omena kwa vikombe. Pesa zake zinaingia jioni na zinatoka jioni hiyo hiyo.

Kisha Machi 2025 Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, akasema wazi kwamba mfumo wa kidijitali wa bilioni 104.8 unaoendesha haya yote si mali ya serikali, na ununuzi wake haukufuata sheria inavyotaka. Tulia uisome tena. Sisi tunachanga, mashine ni ya wengine. Nchi nyingine hapo kazi zingesimama. Kwetu PAC iliita watu, picha zikapigwa, waziri akajibu, vichwa vya habari vikabadilika.

Daktari Nyikal amewahi kuwa mkurugenzi wa huduma za matibabu katika wizara hiyo hiyo. Anajua kila mlango wa jengo lile la Afya. Ndiyo maana kimya chake kinaniudhi kuliko kelele za wengine. Na nikisema kimya sisemi haongei, anaongea sana na anaongea vizuri. Nasema sijaona azimio lenye tarehe: mfumo urudi mikononi mwa umma kufikia siku fulani, la sivyo pesa za kuulipia hazipitishwi. Kamati ya Bajeti si iko kwa jirani yake wa Alego? Hawa wawili wanaweza kukutana hata kwenye matanga wikendi wakamaliza.

Sasa turudi kwa ile kamati ya Wanjala. Kanuni za Bunge zinasema Bunge likipitisha azimio au ripoti, waziri ana siku 60 kueleza amefanya nini. Katiba, Ibara ya 229, inasema ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikifika, Bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Na si kujadili tu, imeandikwa na hatua. Sheria iko sawa kabisa, haina tundu. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama Jumatano waziri akija kujibu maswali na kusema: bwana, siku zako 60 ziliisha, hutoki hapa kwa maneno matamu.

Kamati ya Utekelezaji ndiyo ilipaswa kuwa kali kuliko zote. Hiyo haihitaji kuchunguza chochote upya. Inachukua orodha ya yaliyopitishwa na kuuliza, limefanywa au halijafanywa? Lakini haina runinga, haina drama, hakuna waziri wa kutolewa jasho mbele ya kamera, kwa hiyo hakuna anayeigombania. Wabunge hupigania PAC na Bajeti. Utekelezaji unaachiwa atakayekubali.

Tulivyojifunza Juni 2024, Bunge hili likitaka kasi lina kasi. Mswada wa Fedha ulipita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115 tarehe 20, na siku tano baadaye ukapita wa mwisho kwa 195 dhidi ya 106 huku watu wakiwa langoni. Siku tano! Wakati ni kutoza, hakuna haja ya jopo.

NYONGEZA: Naona wengine mmeshaanza. Eti mbunge hajengi laini ya stima, hiyo ni kazi ya serikali. Ndiyo, najua. Ila mbunge ndiye anayepitisha pesa za hiyo laini na ndiye anayeweza kuzizuia. Mwingine anasema nawachukia viongozi wa jamii fulani. Nimetaja Mbukusu, Mluo, mtu wa Butere na wa Nakuru, sasa hiyo jamii ni ipi? Na wewe uliyesema ninunue jenereta, bei ya dizeli unaijua? Unga utausaga shilingi ngapi?

Ninachotaka ni hiki. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na halihitaji wakili. Naandaa la kwangu kuhusu kuzimwa kwa stima jioni Magharibi: ratiba ichapishwe wazi, laini iwe na tarehe, na Kamati ya Kawi iripoti kila miezi mitatu. Mwenye ujuzi wa kuandika ombi la aina hiyo ajitokeze. Na kama kuna karani au mwanahabari hapa mwenye orodha ya maazimio ya Bunge hili kuhusu mbolea, sukari, SHA na umeme ambayo siku zake 60 zimeshapita, aiweke hapa chini, na kila mmoja wetu ajitwalie moja la kumuulizia mbunge wake akija kanisani Jumapili.