Tupeane uzoefu: ndege wamekusaidiaje kichwa kilipokuwa kizito?

Mtazama Dari
Wakuu, habari zenu. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu, leo nafungua mada. Naomba tupeane uzoefu wa kuangalia ndege na afya ya akili. Naanza mimi.

Mwaka jana nilipumzishwa kazi baada ya kukosa usingizi karibu miezi mitatu. Dawa niliandikiwa, mshauri nasaha nilimpata, lakini mchana ulikuwa mrefu mno. Nilikuwa nalala chali natazama dari. Siku moja tetere akaanza kuleta vijiti ukingoni mwa dirisha langu. Analeta kimoja, anakiweka, anakipiga jicho, anaondoka. Kiota chenyewe cha ovyo kabisa, vijiti havikufika hata arobaini (ndiyo, nilivihesabu). Akataga mayai mawili.

Nikaja kugundua wako wawili na wanapokezana. Dume analalia mchana, alasiri jike anashika zamu mpaka kesho yake asubuhi. Basi nami nikawa naamka ili niwahi makabidhiano. Hakuna kelele, huyu anatua, yule anasogea pembeni, kwisha. Baada ya wiki mbili hivi likaanguliwa yai moja, kinda mbaya wa sura utafikiri kazaliwa mzee. Nikasoma kwamba jamii ya njiwa hulisha makinda kwa kitu kama maziwa kinachotengenezwa kooni, na baba naye anacho! Nilicheka peke yangu chumbani. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Sisemi walinitibu. Nasema kulikuwa na nusu saa kila siku ambayo sikuwa najiwaza mimi.

Zamu ya Usiku
Pole sana mkuu. Mimi ni mlinzi, nakesha miaka sita sasa. Wasiokesha hawajui saa kumi usiku inavyomfanya mtu. Madeni yote, ugomvi wote, marehemu wote wanakuja saa hiyo.

Shore ndiye aliyeniokoa. Giza bado halijaondoka yeye keshaanza, anafuatiwa na njiwa, halafu shorewanda wanaharibu mambo kwa makelele. Nikimsikia yule wa kwanza najua nimevuka. Kuna wakati nilikuwa nawatambua kwa programu ya simu, ile Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, unarekodi sauti inakutajia jina. Nzuri, ila nikajikuta naangalia simu badala ya mti. Nimeifuta.

Ombi moja kwa mnaoanza: msiwapigie ndege sauti zao kwenye simu ili waje karibu. Dume anadhani kavamiwa, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na simu yako. Tusitafute utulivu wetu kwa kuwatoa wao roho.

Mikono Miwili
Nina ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ninazotumia zinanitetemesha mikono. Nilinunua darubini ya kukuza mara kumi nikijua kubwa ndiyo bora. Loo! Ndege anaruka ruka kama yuko kwenye boti. Nikaitupa kabatini, nikajiambia hata hiki kimenishinda.

Mzee mmoja niliyekutana naye kando ya bwawa akaniazima yake, imeandikwa 8x42. Akanieleza kwamba 8 ni kukuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kwamba kadiri unavyokuza ndivyo unavyokuza na mtetemo. Akaniambia niegemeze viwiko kifuani. Nikamwona mdiria amekaa kwenye tawi, ametulia, mgongo wa buluu mpaka nikahisi nimedanganywa na kioo. Kwa hiyo tatizo halikuwa mimi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu, hilo si jambo dogo.

Orodha Ndefu
Mimi nitakuwa tofauti kidogo, mnisamehe. Ndege karibu wanimalize. Dunia ina spishi kama 11,000, na mtu mwenye wasiwasi kama mimi ukimpa orodha ya kujaza umemmaliza. Nilikuwa nalinganisha idadi yangu na ya wenzangu usiku wa manane. Kuna safari nilikwenda kumfuata ndege mmoja adimu, siku mbili, nikamkosa, nikarudi nina hasira na mke wangu ambaye hata hakuwepo.

Sasa nina mti mmoja. Nakaa chini yake dakika ishirini bila kuandika kitu. Ndege chozi akija, sawa. Asipokuja, sawa, ingawa nakiri bado roho inauma kidogo.

Nionyeshe Ushahidi
Ndugu zangu, kuna utafiti wowote au tunafarijiana tu?

Dada wa Maktaba
Upo, kaka. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti wa watu 1,292 waliofuatiliwa kwa programu ya simu. Waliokuwa wameona au kusikia ndege waliripoti hali bora ya moyo, na nafuu ilidumu kwa muda wa hadi masaa manane, hata kwa waliokwisha kuambiwa na daktari kuwa wana sonona. Mwaka huohuo, jaribio la taasisi ya Max Planck ya Berlin liliwasikilizisha watu 295 milio ya ndege au kelele za magari kwa dakika sita. Milio ilipunguza wasiwasi na hali ya kushuku watu, lakini kwa sonona haikusaidia sana. Kwa hiyo anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya shore.

Nasikia Tu
Macho yangu yamebaki na ukungu. Nafuatilia kwa masikio, na karibu kila kitu mlichoeleza nakijua. Mwenye mada, lile yai la pili likawaje?

Mtazama Dari
Halikuanguliwa. Kinda alipopata mabawa wote wakaondoka, nikabaki nalo wiki nzima sijui nilifanyeje. Nikaenda kwa mshauri wangu, saa nzima nikaongelea yai. Aliandika kitu kwenye daftari lake, sikumuuliza nini.