Walimu wa sekondari, hivi mnaipendea nini hii kazi? (dada angu kanishangaza)

mangi_wa_pasua
Habari za jioni wakuu. Naomba kuuliza na msinichukulie vibaya, maana kwetu mama alikuwa mwalimu na sasa hivi dada angu naye ni mwalimu, anafundisha Bayolojia shule ya kata huko juu mlimani, ukishuka kwenye Hiace unapanda tena kwa mguu kama nusu saa, na masika anavaa gambuti anaenda kubadilishia viatu ofisini.

Sasa wiki iliyopita shemeji yetu wa Arusha kamtafutia nafasi kwenye kampuni ya utalii, kazi ya kukaa kwenye kompyuta kujibu wageni, mshahara karibu mara mbili ya anachopata. Kakataa. Hata ngoja nifikirie hakusema, kasema asante shemeji ila nina Form Four wangu wanaingia kwenye mtihani Novemba siwezi kuwaacha njiani. Nikamwambia hao Form Four wakishamaliza hata namba yako watafuta. Kanicheka tu akaendelea kumenya ndizi.

Mi nina duka la vifaa vya ujenzi, nikiuza simenti faida naiona jioni hiyo hiyo. Mwalimu faida yake anaiona lini? Walimu wa sekondari mliomo humu, hasa wa Moshi na Arusha, niambieni ukweli. Sitaki yale majibu ya risala ya Siku ya Walimu.

madam_jiografia
Mangi mi nipo Arusha, Jiografia, mwaka wa 11 huu. Nikwambie kitu, mtoto wa msingi ukimwambia jambo anakubali, wa chuo anakubali ili apate GPA yake aondoke. Huyu wa miaka 16 anakubishia. Utamu wenyewe upo hapo.

Juzi juzi nilikuwa na topiki ya hali ya hewa, kwamba ukipanda juu joto linapungua, darasani tunatumia ile kanuni ya nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Asubuhi hiyo Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza vizuri upande wa mashariki nikaona kwa nini nichore ubaoni wakati mlima wenyewe upo, nikawatoa nje. Nikawaambia Kibo ni mita 5,895, chukulieni Moshi mjini mita 800 na leo kuna nyuzi 28, haya nipigieni kileleni kuna ngapi. Wakapigia kwenye magoti pale, wakapata hasi mbili na ushee, nikafurahi, nikasema mmeona ndo maana kuna barafu.

Kuna chalii mmoja anakaa nyuma, tangu Januari sijasikia sauti yake, kanyoosha mkono. "Madam kama kule ni chini ya sifuri mbona barafu inaisha?" Nikamjibu haraka haraka, joto la dunia linaongezeka. Akasema "Sawa, likiongezeka nyuzi moja si bado ni hasi?" Darasa zima likanigeukia mimi.

Aisee. Nilimwambia nipe mpaka kesho. Nikaenda kusoma usiku ndo nikakuta maelezo kwamba hewa ya kule juu imekuwa kavu, theluji mpya haishuki ya kutosha kufidia inayopotea, halafu jua linaichoma barafu moja kwa moja hata kama hewa yenyewe ni ya baridi, nyingine inageuka mvuke bila hata kupitia kuwa maji. Miaka 11 nafundisha ile topiki sijawahi kujiuliza, nimekuja kuulizwa na mtoto ambaye kwenye mahudhurio ana x kibao. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika darasani, kanisubiri mlangoni. We simenti imewahi kukuuliza swali?

spea_na_hesabu
Hahaha madam umeandika vizuri ila ngoja na sisi tuliotoka tuseme.

Nimefundisha Hesabu miaka 6 shule ya binafsi, siitaji jina. Mshahara unakaa miezi mitatu, ukienda kuuliza unaambiwa mwalimu tuvumiliane, ualimu ni wito. Mwenye nyumba nikamwambia ni wito akanitolea kitanda nje. Na serikalini msidhani ni peponi, muulize dada ako akuonyeshe salari slipu, kama alisoma kwa mkopo bodi wanachukua asilimia 15, pensheni 5, bima 3, chama 2, hiyo ni robo imeondoka na kodi bado. Halafu jioni ana madaftari mia na kitu ya kusahihisha ambayo halipwi hata mia, na andalio la somo, na zamu ya wiki nzima kuhesabu wachelewaji getini.

Sikatai kwamba watu wanapenda. Nilikuwa nasimama kwenye ubao nikifungua swali la logarithimu napata raha mpaka nasahau njaa. Ila Mangi uelewe, yule anayejua unapenda ndo anakukalia kichwani, kwa sababu anajua kesho utakuja tu, hata asipokulipa utakuja maana watoto wana moku, ule mtihani wa majaribio. Mi siku hizi nauza spea za bodaboda na nalala. Dada ako mwambie aongee na yule shemeji vizuri kabla nafasi haijajazwa.

madam_jiografia
Mkuu hapo kwenye kutumia neno wito sikubishii hata kidogo.

chalii_wa_sakina
Mi sio mwalimu ila nina la kusema, ticha wetu wa Fizikia tulimwita Venia Kalipa, kile kifaa cha maabara kinachobana kitu ili kukipima, kwa sababu ya miwani na alivyokuwa anatubana. Tulidhani hilo jina halijui. Siku ya mahafali ya Form Four kashika maiki mbele ya wazazi wote, "kwa majina naitwa Venia Kalipa," ukumbi ukalipuka 😂😂 mama angu mpaka leo anamwita hivyo wakikutana kanisani.

meku_mstaafu
Vijana, nimesoma yote. Mimi nimefundisha Kemia miaka 33, nilianzia Singida nikaja kumalizia hapa hapa Kilimanjaro. Nitajibu swali la Mangi kwa yale niliyoyaona.

Shule ya mwisho niliyofundisha, maabara ilikuwa chumba chenye meza, gesi hakuna, tunatumia taa ya spiriti. Sasa kuna lile jaribio la pete ya kahawia, la kutafuta naitreti. Una mchanganyiko wako kwenye testi tyubu, unauinamisha, unateremshia asidi ya salfuriki pole pole pembeni ya kioo, ikae chini bila kuchanganyika. Ukitikisa umeharibu. Binti mmoja wa Form Four mkono ulikuwa unamtetemeka kiasi kwamba nilitaka kumnyang'anya. Nikamshikia kiwiko tu, tyubu akabaki nayo mwenyewe. Tukasubiri. Ile pete ilipojitokeza katikati, nyembamba kama uzi, akanong'ona, "Ipo mwalimu, ipo." Hakupiga kelele, alinong'ona, kana kwamba ingekimbia. Jaribio hilo nilikuwa nimelifanya labda mara mia mbili, na siku ile nililiona kama mara ya kwanza.

Lakini sitakudanganya. Kuna mwaka sikuipenda kazi. Matokeo ya Form Four ya 2012, yalipotoka Februari 2013, nilibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, nikarudi ofisini nikafunga mlango. Sifuri zilipangana. Baadaye serikali iliyafuta yakapangwa upya, ila karatasi ile ya kwanza wazazi walishaiona, na mzee mmoja alinifuata hadi nyumbani kuniuliza miaka minne tulikuwa tunafanya nini na mwanaye. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Umeuliza faida inaonekana lini. Kwetu ni Desemba. Unajua Moshi mwezi huo ilivyo, watu wote wanarudi nyumbani, siwezi kununua nyanya sokoni kwa utulivu. "Shikamoo mwalimu," nageuka nakuta baba mtu mzima ana mvi kunizidi. Majina yameniponyoka mengi lakini viti navikumbuka. Namwambia, wewe ulikaa dirishani safu ya tatu. Wanashangaa sana. Na wengine wanaonisalimia ni wale wa sifuri, hao ndio hunibebea na kikapu.

spea_na_hesabu
Shikamoo mzee. Hiyo ya kikapu imenigusa. Ila bado nauza spea.

meku_mstaafu
Marahaba. Uza mwanangu, hata bodaboda zinahitaji hesabu.

mangi_wa_pasua
Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya. Jana jioni nilipanda kwa dada nikiwa na nia ya kumsomea maneno ya spea_na_hesabu, maana ndo yalikuwa upande wangu.

Nimemkuta na rundo la mitihani ya Form Three mezani anacheka peke yake. Akanipa karatasi moja nisome. Swali, eleza figo inavyofanya kazi. Dogo katoka msingi Kiswahili kila kitu, huku sekondari ni Kiingereza tupu na hakijakaa, basi kaandika Kiswahili. Nanukuu nilivyoshika: figo ni kama mama anavyochuja chai, uchafu unatoka, ila figo ina akili kuliko kichujio kwa sababu sukari inairudisha ndani, sukari haitupwi ni ghali.

Nikamuuliza dada hiyo ya sukari ni kweli? Kasema ni kweli kabisa, figo inachuja halafu inairudisha sukari kwenye damu, na nusu ya darasa walioandika Kiingereza kizuri hawakuigusa hiyo pointi. Sasa kashika peni nyekundu kama dakika tano haandiki. Nikamwambia mpe maksi, si kaelewa. Akasema NECTA, wale wa baraza la mitihani, hawatampa, mimi nikimpa leo namdanganya. Nikasema basi nusu. Akasema nusu ya nini, kaelewa nusu? Nikasema sasa unampa sifuri mtoto aliyekujulisha kwamba sukari ni ghali? Tumebishana mpaka mtori ukapoa, mara mi nasimama mara yeye anasimama, mwisho kaandika pembeni kwa peni ya bluu "njoo ofisini tuiandike upya pamoja" na sehemu ya maksi kaiacha wazi.

Nimeshuka saa nne usiku na hesabu za duka sikufunga. Kile nilichoendea sikukisema.

Ila jamani ile kazi ya shemeji ilikuwa na hela.