Sheria ya moshi na pikipiki za theluji: nani alimuua tustroki, na mbona bado yupo?

Baba Zuhura (Minnesota):
Wakuu, heshima zenu. Huku kaskazini mwa Minnesota, Februari ikiisha stori ni moja tu: kampuni gani italeta injini gani msimu ujao. Pikipiki za theluji zinauzwa kwa imani. Modeli mpya zinatangazwa theluji ikiwa bado chini, unaweka amana Machi au Aprili, mashine unaipata vuli. Hujaiendesha, hata mlio hujausikia. Ndiyo maana kijiweni kila mtu ni mtabiri.

Utabiri mwingi unaanguka kwa sababu watu wanasoma matangazo, sheria hawaisomi. Mwaka 2002 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa kanuni ya kwanza ya moshi kwa mashine hizi. Kuanzia modeli za 2006, kwa kila kilowati-saa ya kazi, zisizidi gramu 100 za haidrokaboni (petroli isiyoungua vizuri) na 275 za kaboni monoksaidi (gesi ya sumu). Mwaka 2010 haidrokaboni zikashushwa hadi 75. Wazee wakakaa matanga kabla ya maiti: tustroki, ile injini ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, kwisha! Leo ingia duka lolote huku, mashine za milimani karibu zote ni tustroki.

Amesalimikaje? Kwanza, kipimo ni wastani wa kampuni. Ukiuza fostroki (injini za mipigo minne) safi za kutosha, unapata nafasi ya kuuza na zile zinazochafua zaidi. Pili, ubaya wa tustroki ya kabureta ni kwamba tundu la ekzosi na njia ya mafuta mapya viko wazi kwa wakati mmoja, hivyo robo hadi theluthi ya petroli inatoka nje haijaungua. Wahandisi walipobanwa wakahamisha nozeli. E-TEC, injini ya chapa ya Ski-Doo, modeli za 2009, inapuliza petroli ndani ya silinda tundu likiwa linafungwa. Injini ile ile ya kizee, imefundishwa adabu.

Msimamo wangu: serikali ilifanya vyema kutaja namba na kuiacha injini. Anayepinga aje.

Fundi Kipara (Thunder Bay):
Nakuunga mkono nusu. Anayesema fostroki ingetosha hajawahi kuchimbua mashine iliyozama kwenye theluji laini inayokufika kiunoni. Fostroki inaongeza kilo ishirini, thelathini, na nyingi zimekaa mbele. Unaisukuma wewe, si EPA. Ndiyo sababu kwenye modeli za 2020 Ski-Doo walipoifunga turbo injini ya cc 850, waliifunga kwenye tustroki.

Nusu ninayopinga ni hii. Kabureta niliitengeneza barabarani kwa bisibisi na plagi moja mfukoni. Hizi za sasa zikigoma nataka kompyuta, na kompyuta yenyewe inataka ruhusa ya kampuni. Mnahesabu gramu za moshi, na riziki ya fundi wa uani nani anaihesabu?

Mama Nadia (West Yellowstone):
Baba Zuhura, kwa heshima zote, hiyo "namba bila injini" ni hadithi tamu. Njoo uione huku kwetu. Kabla ya sheria, mapikipiki yalikuwa yakijipanga kwenye lango la magharibi la hifadhi ya Yellowstone asubuhi na baridi kali, hewa haitikisiki, moshi umetanda kama jikoni la kuni. Msimu wa 2001 kwenda 2002 walinzi wa lango walipewa vifaa vya kuchuja hewa usoni. Ndani ya hifadhi ya taifa!

Serikali ya Clinton ikaamua kuzipiga marufuku taratibu, ya Bush ikageuza, majaji wawili wakatoa hukumu zinazogongana, na miaka ikaenda. Kanuni ya 2013 ndiyo iliyotuliza: vikundi vya pikipiki visizidi 50 kwa siku, na mashine isizidi gramu 90 za kaboni monoksaidi wala desibeli 67 za kelele. Soma tena. Injini haikutajwa popote. Lakini hesabu hiyo unaipita na nini kama si fostroki? Basi anayeandika namba ndiye anayechagua injini, ila mkono wake hauonekani. EPA waliandika namba laini, mkapata tustroki. Hifadhi waliandika ngumu, tukapata hewa.

Mwana wa Wete (Toronto):
Dada umegonga penyewe, lakini mnamsahau Yamaha. Yeye alisikia neno "moshi" akahama mapema. RX-1 ya modeli ya 2003 ilikuwa na injini iliyotokana na pikipiki yake ya barabarani ya R1, kisha akaegemea fostroki karibu kwa kila kitu. Juni 2023 akatangaza anaondoka, na modeli za 2025 zikawa za mwisho Marekani Kaskazini. Aliyetii kupita wote ndiye aliyefunga duka.

Na tazama kinaya chake. Nyumbani Pemba mashine ya boti ni Enduro, ya Yamaha huyo huyo, tustroki, oili unachanganya na petroli kwenye dumu. Yaani kule walikobanwa anauza safi, kwetu anauza inayoacha rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Msiniambie kampuni zina dhamiri.

Fundi Kipara:
Sheikh, Enduro mvuvi anaitengeneza mwenyewe ufukweni. Mpe fostroki ya kompyuta halafu iharibike bahari kuu, tukutane matangani. Na Yamaha hakuondolewa na sheria. Soko la theluji ni dogo, misimu mingine theluji yenyewe haiji.

Kijana wa Dodoma:
Theluji nimeiona kwenye friji tu, mnisamehe. Si mhamie umeme yaishe? Bodaboda za umeme huku zipo.

Baba Zuhura:
Zipo, mdogo wangu. Ski-Doo wanayo, na kilomita walizoahidi ni kama 50, wakati huku mtu anakwenda 150 kabla ya chakula cha mchana. Taiga wa Montreal walioweka kila kitu kwenye umeme waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Julai 2024. Kwa Yellowstone, safari fupi na mwongozaji, labda. Kwa msituni bado.

Mama Nadia, umenibana. Nilidhani namba haina upande. Lakini bado nasema afadhali namba. Wangeandika "fostroki tu" mwaka 2002, hiyo nozeli ndani ya silinda nani angehangaika nayo? Na Ulaya wameweka 75 na 275 zile zile kwenye kanuni yao ya 2016, na Lynx, watengenezaji wa Rovaniemi huko Ufini, wanaendelea na tustroki zao bila kelele.

Mama Nadia:
Bila kelele? Umewahi kulala jirani na moja?

Haya, tuambie: amana ya mwaka huu umeiweka kwenye nini?

Baba Zuhura:
Fostroki. Mama Zuhura amechoka na harufu ya oili kwenye makoti ya watoto.

Fundi Kipara:
Maneno yote yale!