Panya wa mashindano: nichague aina gani hapa Lamu?

Mama_Mkomani
Assalaam aleikum. Naishi nyumba ya mawe Mkomani, na chumba cha chini nimekitenga kwa vizimba sita vya panya. Mwishoni mwa Machi sisi wafugaji watano wa Lamu na Malindi tutashindanisha panya wetu kwa vigezo vya Uingereza, vile vya National Mouse Club iliyoanzishwa 1895. Nafasi yangu ni ya aina moja tu. Kuna weusi watupu, weupe wenye macho mekundu, na wale wa Himalaya: mwili mweupe, pua, masikio, miguu na mkia vyeusi. Moyo wangu uko kwa Himalaya. Nimewaona mara moja, na usiku ule sikulala kwa kuwawaza. Nishaurini.

Shela_Malindi
Wa aleikum salaam dada. Himalaya waache, nakuomba. Mimi nilianza nao. Rangi ile hutokea penye ubaridi tu, ndiyo maana hukolea kwenye ncha za mwili, sawa na paka wa Siam. Ilipoingia kaskazi, kila unywele mpya ulitoka hafifu, pua zikawa kama chai ya maziwa. Nikadhani mbegu ni mbovu, nikabadilisha madume, wapi! Kipupwe kilipofika, panya wale wale wakaanza kukolea. Machi kwetu ndiyo joto lenyewe. Utawapeleka mezani wamepauka.

Fundi_Langoni
Kweli kabisa. Kati ya waliobaki, mimi nasema weupe. Weupe kwa weupe huzaa weupe, na weusi wa ukoo safi kwa wenzao huzaa weusi, hapo hamna tofauti. Lakini mweusi ana vita vyake: nywele za kahawia zajificha nyuma ya masikio na chini ya mkia, na itakubidi uzichuje kizazi baada ya kizazi. Mweupe hana pa kujificha. Hakimu atatazama umbo: mwili mrefu, masikio makubwa, mkia unaolingana na mwili kwa urefu, mnene shinani na mwembamba nchani. Jicho lako litajifunza umbo mapema. Mimba ni wiki tatu hivi, na ukimpandisha jike wa wiki kumi na mbili, kwa mwaka unapata vizazi vitatu bila kuwachosha. Ila mkojo huwatia umanjano, kwa hiyo badilisha maranda mara kwa mara. Ya mbao yenye harufu kali usitumie. Na dirisha litie wavu mgumu, paka wa mji huu unawajua.

Mama_Mkomani
Paka wawili wameshaanza kukaa barazani, na panya hata hawajafika. Basi ni weupe. Himalaya wananiuma, lakini sitaki kiumbe nitakayemlaumu kwa jua la Mungu. Ijumaa naletewa dume mmoja na majike watatu. Fundi, maranda nitayafuata mwenyewe Alhamisi baada ya alasiri, niwekee gunia moja lililochekechwa vumbi.